Roboti Isiyojua Kuuza

Wote waliomjua walimwita Chiriku, kama yule ndege mwenye makelele, na lilikuwa jina la kinyume. Tangu akiwa msichana mdogo alitoa maneno kama mtu anayedondosha dawa ya macho, moja baada ya jingine, kwa uangalifu, kisha anafunga chupa. Dada yake mkubwa ndiye aliyemtania kwa jina hilo, likamganda, na hata alipomaliza chuo cha ufundi na kuanza kazi ya kuandika programu za kompyuta, hakuna aliyemwita vingine.

Kazi yenyewe aliipata kwa shemeji yake, mume wa huyo dada, na hapo ndipo kinyaa kilipoanzia.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kuchinja kuku. Kila asubuhi, kabla hujavua mkoba begani, mvuke wa maji moto na manyoya mabichi ulipenya kwenye nyufa za mbao za sakafu na kukupokea. Madirisha hayakufunguliwa kwa sababu ya nzi, kwa hiyo harufu ikiingia haikutoka. Ilikaa kwenye mapazia na kwenye nywele za Chiriku, na jioni akijifuta uso aliisikia kwenye taulo. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta mbili. Ya shemeji ilikuwa na vitufe vilivyonata, maana alikula huku akiandika, na akimaliza paja la kuku alilamba vidole kimoja kimoja, kidole gumba kikiwa cha mwisho, kisha akaendelea na kazi.

Wateja walimwita Mwalimu. Hakuwahi kufundisha popote. Aliwahi kuuza magodoro, akauza vidonge vya kupunguza unene, akauza sabuni ya kung'arisha uso iliyomtoa mke wake mwenyewe mabaka. Sasa alikuwa amegundua soko la fedha za kigeni. Siyo kwamba alinunua au kuuza fedha hizo yeye. Hakuwa mjinga wa kufanya hilo. Aliuza roboti, programu ndogo inayokaa kwenye chati ya bei ndani ya simu ya mteja na kumwambia lini anunue, lini auze. Wateja walilipa ada kila mwezi. Roboti hiyo aliiandika Chiriku.

Aliiandika kwa lugha iliyoundwa kwa kazi hiyo tu, ya kuchora chati na kutoa ishara za biashara. Ilikuwa lugha fupi, nyepesi, na Chiriku aliipenda upesi, pengine upesi mno. Wazo lake lilikuwa safi. Alichukua bei za saa zilizopita akazipanga kwenye safu, yaani mstari wa vyumba, kila chumba na namba yake, bei ya zamani kabisa chumba cha kwanza na bei ya sasa chumba cha mwisho. Kisha akaandika fanksheni, kifungu cha programu chenye jina lake na kazi yake moja, akakiita "safisha". Unakipa safu ya bei. Chenyewe kinazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, kinaziacha zile za pembeni zilizopanda au kushuka kiwazimu, kinazitia za katikati kwenye safu mpya na kukurudishia hiyo mpya. Roboti inatafuta wastani wa bei hizo zilizotulia. Halafu inarudi kwenye safu ya kwanza na kutazama bei ya sasa. Ikiwa juu ya wastani, inasema nunua. Ikiwa chini, inasema uza.

Miezi ile bei zilikuwa zikipanda, na roboti ilisema nunua, na walionunua walipata. Sifa zikaenea kama moto wa nyika. Mwalimu akanunua suti yenye kung'aa mabegani, akaanza kupiga picha ameegemea magari ya watu. Kwenye simu aliwaita wateja "mpendwa" kwa sauti laini ya kubembeleza, na akikata tu simu alipiga mbweu.

Miongoni mwa wateja alikuwamo muuguzi mmoja mstaafu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekuwa akipanda ngazi zile kwa shida ili tu amsalimie aliyeitengeneza roboti.

"Mwanangu," alimwambia Chiriku mara ya kwanza, akimshika mikono yote miwili, "nimehangaika na vidonda vya watu maisha yangu yote. Sasa napata pesa nimekaa kwenye kiti. Mungu akupe umri."

Chiriku aliona haya, akatabasamu.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya honi. Mwalimu alitaka roboti ipige sauti, kengele kwa kununua na honi kwa kuuza, ili mteja aisikie hata akiwa jikoni. Chiriku akaziweka sauti zote mbili, na kengele akaisikia siku hiyo hiyo. Honi ikakataa. Akadhani bei hazijashuka vya kutosha, akasubiri. Kisha ikaja siku ambayo chati ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba. Kuanzia asubuhi bei inateremka tu. Chiriku alikaa mbele ya kioo akiwa na uhakika kwamba sasa honi italia. Ikalia kengele. Bei ikateremka tena. Kengele.

Aliiamuru programu imwonyeshe safu ya bei, ile ya kwanza, ambayo hakuna aliyepaswa kuigusa. Ilitokea kwenye kioo. Bei zilikuwa zimesimama kwa kimo, ndogo mbele, kubwa nyuma, kama watoto wanaopangwa kupigwa picha ya darasa. Mpangilio wa saa ulikuwa umepotea wote. Na kwenye chumba cha mwisho, mahali pa bei ya sasa, ilikaa bei kubwa kuliko zote.

Alielewa papo hapo. Chuoni alijifunza lugha ambayo ukikipa kifungu safu, unakipa nakala. Kinachofanyika ndani kinabaki ndani. Lugha hii haikuwa hivyo. Ukiipitisha safu, umepitisha safu yenyewe, na kinachofanyika ndani kimefanyika kweli. "Safisha" ilirudisha safu nzuri mpya, ndiyo, lakini njiani iliivuruga ile ya zamani. Tangu siku ya kwanza roboti ilikuwa inalinganisha wastani na bei kubwa kuliko zote, na iliyo kubwa kuliko zote haiwezi kuwa chini ya wastani. Isingeweza kusema uza hata dunia ipinduke.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: tengeneza nakala kwanza, kisha panga nakala.

Akamwita shemeji yake. Mwalimu alikuja akichokonoa meno kwa kona ya kadi ya simu.

"Shemeji, roboti ina kasoro kubwa."

"Kasoro gani? Watu wanaiimba mjini."

Chiriku alitafuta maneno mepesi. Kwa mara moja maishani alisema mengi. "Nikikupa picha ya nyumba yangu ukaichorachora, nyumba yangu haidhuriki. Sasa mimi hapa sikutoa picha, nimetoa funguo. Kifungu kimeingia ndani, kimehamisha vitanda, kimetoka. Mimi narudi nyumbani gizani nikidhani kitanda kiko palepale."

Mwalimu aliacha kuchokonoa meno. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuumiza Chiriku baadaye kuliko yote. "Kwa hiyo ile bei inayoitazama siyo ya sasa."

"Ni ile kubwa kuliko zote."

"Kwa hiyo kila siku itasema nunua."

"Kila siku. Mvua, jua."

"Na kama ungepanga kinyume, kubwa mbele, ndogo nyuma?"

"Ingesema uza kila siku. Ni upuuzi uleule, umegeuzwa tu."

Mwalimu alitazama dari. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, kisha akaangua kicheko, na kipande kidogo cha nyama kikatoka kinywani mwake kikatua kwenye kioo, kikanata juu ya chati. Hakukifuta. "Shemeji yangu," alisema akifuta machozi, "hiyo siyo kasoro. Hicho ni kipaji! Bei zinapanda, roboti inasema nunua. Unataka nini zaidi? Usiguse kitu."

Aliondoka akicheka hadi chini, na Chiriku akamsikia akiwasalimu wachinja kuku kwa furaha. Alichukua karatasi akakiondoa kile kipande cha nyama huku ameziba pumzi. Kisha akaandika ule mstari mmoja, akaijaribu roboti, akaisikia honi kwa mara ya kwanza, na akaituma roboti iliyorekebishwa kwa wateja wote.

Alitegemea watakuja na shukrani. Walikuja na matusi. Roboti ya kweli ilikuwa na mashaka kama mtu mwenye akili. Leo nunua, kesho uza, na siku nyingine ikabadili kauli kabla ya jioni. Wateja hawakutaka mashaka. Simu zilimiminika. Mmoja aliuliza kama wamefilisika. Mwingine alisema anajua kabisa kuna mkono wa mtu.

Muuguzi mstaafu naye akapiga. "Mwanangu, roboti yetu inaumwa."

"Haiumwi, mama. Ilikuwa inaumwa zamani. Sasa imepona."

"Basi irudishieni ugonjwa wake," alisema yule mama, na hakuwa anatania. "Mimi imenikatisha tamaa. Jana imeniambia niuze. Mimi niuze, mwanangu? Nilipokuwa napata?"

"Mama, ile ya zamani haitazami bei ya sasa. Ikianza kushuka haitakuambia."

"Wewe ni mtoto mzuri, lakini una wasiwasi. Nipe Mwalimu niongee naye."

Mwalimu alikuwa na roboti ya zamani kwenye flashi. Akairudisha mchana uleule, akabadilisha nywila, na kuanzia hapo Chiriku hakuweza kugusa kitu bila yeye kusimama nyuma ya kiti akimpumulia kisogoni pumzi ya vitunguu na sigara.

Mtu atauliza kwa nini hakuondoka hapo hapo. Aliishi chini ya paa lao. Dada alimkalisha jikoni, akamshika magoti. "Mdogo wangu, usiniharibie. Tangu sabuni ile, huu ndio mwaka wa kwanza mume wangu anarudi nyumbani akicheka. Wewe unajua kompyuta, yeye anajua watu. Muachie watu."

"Dada, anawadanganya."

"Wanapata hawapati?"

"Wanapata kwa bahati."

"Na wewe tangu lini umeona aibu ya bahati?"

Chiriku akafunga chupa yake ya maneno. Akakaa. Akala kwenye meza ile, na chakula kikaanza kuwa na ladha ya manyoya mabichi hata kikiwa cha mboga tupu. Alikuwa akitafuna na kutafuna, na kumeza kukawa kazi.

Kisha Mwalimu akafanya sherehe. Alikodi ukumbi, viti vikavalishwa vitambaa vyenye madoa ya sherehe za wengine, na wateja wakaja wamependeza. Alipanda jukwaani kwa ile suti, akasema roboti ilimjia kama ndoto, kisha akamwita Chiriku. "Mikono yangu hii hapa!" alisema, akaukamata mkono wake na kuuinua juu. Kiganja chake kilikuwa na unyevunyevu, moto, na bado kina mafuta. Watu walishangilia. Chiriku alizitazama zile nyuso, zimetanuka kwa furaha, meno nje, macho yamelowa. Alitaka kusema hapo hapo, kipaza sauti kiko mbele yake. Akashuka jukwaani. Muuguzi akaja kumkumbatia, akanukia poda na pipi ya mnanaa, na Chiriku akasimama mikononi mwake kama gogo. Alipofika nyumbani alinawa mkono ule kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikachubuka. Hakuwa akimuonea kinyaa shemeji peke yake tena.

Bei zikageuka. Siku ya kwanza zilishuka kidogo, na roboti ikapiga kengele. Zikashuka zaidi, kengele. Simu zote za wateja wale, majikoni, maofisini, kwenye foleni za benki, zililia kengele kwa furaha ileile, na watu waliozoea kuitii wakanunua, wakanunua tena kwa bei ya chini wakiamini itapanda, wakatia na akiba. Wiki ilipokwisha hawakuwa na cha kutia.

Asubuhi iliyofuata ngazi zilijaa. Wachinja kuku waliacha visu wakatoka kutazama. Chiriku alidhani Mwalimu atakimbia, lakini hakukimbia. Alijitokeza mlangoni bila koti, shati limefunguliwa vifungo, akalia. Machozi ya kweli, makamasi ya kweli. Aliyaacha yamtiririke hadi mdomoni bila kujifuta. "Ndugu zangu, hata mimi nimeumia! Hata mimi nimeondoka bila shati!" Na yeye hakuwahi kuitumia roboti ile hata siku moja. Watu waliokuja kumrarua wakaanza kumpa pole. Mzee mmoja alimpa leso.

Kisha akashusha sauti, akatazama upande wa Chiriku, akasema, "Kuna mtu aliigusa programu bila ruhusa yangu. Nyote mnakumbuka ile wiki roboti ilipoumwa. Tangu hapo haikukaa sawa. Lakini ni damu ya mke wangu. Nimemsamehe. Msameheni na nyinyi."

Macho yote yakamgeukia. Chiriku alifungua kinywa. "Mimi niliirekebisha," alisema. "Yeye ndiye—"

"Mwacheni," Mwalimu alisema kwa upole. "Ni mtoto."

Muuguzi alikuwa amesimama ngazi ya tatu, ameshika ukuta. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akaivaa tena na kumtazama Chiriku kwa namna ambayo huenda alikuwa akiwatazama jamaa waliochelewa kumleta mgonjwa hospitali.

Watu walipotawanyika, Mwalimu aliingia ndani, akajipangusa uso kwa leso ya yule mzee, akaagiza kuku. Alikuwa mchangamfu. Alikigeuza kioo cha kompyuta yake upande wa Chiriku. "Njoo uone. Nimeandika mwenyewe."

Juu paliandikwa Toleo la Dhahabu. Chini yake ilikuwa programu ya Chiriku, herufi kwa herufi, pamoja na kifungu cha "safisha". Neno moja tu lilikuwa limebadilishwa. Pale palipoamuru bei zipangwe kuanzia ndogo, sasa zilipangwa kuanzia kubwa. Ndogo kuliko zote ilikwenda kukaa chumba cha mwisho.

"Bei zinashuka," alisema Mwalimu, "na hii itasema uza kila siku. Watarudi kulipa ada wenyewe, utaona. Na siku zikipanda tena, tunarudisha ile ya kwanza, tunaiita Almasi." Alichovya paja la kuku kwenye pilipili, akaling'ata, akaongea huku akitafuna. "Umenifundisha wewe, shemeji. Ule mfano wa funguo! Mimi sikusoma, lakini ukinieleza mara moja nashika."

Chiriku aliona mafuta yakimteremka kidevuni, yakafika kwenye shingo ambako machozi yalikuwa hayajakauka, yakachanganyika. Alitoka mbio. Hakufika chini. Alitapika ngazini, kwenye kona yenye manyoya meupe yaliyopeperuka kutoka dukani, akashika ukuta akatapika tena hadi yakabaki maji machungu. Mchinja kuku mmoja alimletea ndoo na kopo la maji bila kuuliza kitu. Alisukutua, akamwaga maji kwenye kona ile, akasugua kwa ufagio mpaka pakatakata, akashukuru, akaenda zake. Mkoba wake ulibaki juu. Hakuurudia.

Nyumbani alifungasha nguo mchana huohuo. Dada alisimama mlangoni na kikapu cha nguo mbichi kiunoni.

"Unakwenda wapi? Nani atakupokea wewe na huo mdomo wako usiofunguka?"

"Dada, mumeo akirudi na leso, muulize ni ya nani."

"Leso gani tena?"

"Basi."

Dada aliweka kikapu chini. Akatazama kuta zilizopakwa rangi mpya. Kisha akaingia chumbani, akatoka na blanketi, akaliweka juu ya begi la mdogo wake. Hilo tu.

Chiriku alipanga chumba mtaa mwingine na akapata kazi kwenye kiwanda cha mifuniko ya ndoo, kusimamia programu ya mizani inayotupa mifuniko iliyopungua uzito. Kiwanda kilinuka plastiki iliyoungua, harufu kali ya kuumiza kichwa, naye hakulalamika hata kidogo. Kwenye majaribio ya kwanza mafundi walimcheka kwa kuwa aliichunguza kila safu mara mbili, kabla haijaingia kwenye kifungu na baada ya kutoka. Aliwaacha wacheke.

Kabla ya kuanza kazi ile alikuwa amewaandikia wateja wa zamani, mmoja mmoja, wale ambao namba zao alizikumbuka au alizipata. Aliwaeleza kwa maneno yaleyale mepesi kilichotokea, na kwamba Toleo la Dhahabu ni upuuzi uleule umegeuzwa. Wawili walimjibu kwa shukrani. Mmoja alimuuliza amelipwa na nani. Wengine kimya.

Muuguzi alikutana naye kwa fundi viatu, miezi kadhaa baadaye. Alikuwa amepungua, na miwani sasa ilifungwa uzi pande zote mbili. Alikuwa anasubiri soli, mguu mmoja mtupu juu ya kipande cha boksi. Chiriku akamwamkia, akaketi karibu naye kwenye benchi. Fundi alikuwa akigonga misumari.

Ndani ya mkoba wa yule mama ikalia honi.

Chiriku aliijua. Aliirekodi mwenyewe. "Mama," alisema, "hiyo ni ya Dhahabu?"

"Ndiyo. Nimekopa kwa wanangu." Aliitoa simu, akaitazama kwa mbali kwa sababu ya macho, akabonyeza.

"Mama, nilikuandikia. Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Nipe simu. Nitakuwekea ile ya kweli sasa hivi, bure, hata dakika kumi hazifiki. Mwalimu hatajua."

Yule mama alimtazama, safari hii bila ukali. "Na hiyo ya kweli itaniambia nitapata?"

"Itakuambia ilivyo."

"Ilivyo ninayo tele nyumbani, mwanangu." Aliirudisha simu ndani ya mkoba na kufunga zipu. "Siku hizi bei zinashuka, na yenyewe inasema uza. Nimeanza kurudisha kidogo."

"Zitapanda tena, mama."

"Zikipanda Mwalimu atatuambia. Ameshasema kuna nyingine inakuja."

Ule uchungu wa ngazini ulimpanda Chiriku kooni, uleule, akaumeza. Alimchukia yule mama, mguu wake mtupu na poda yake na uzi wa miwani, akamchukia kwa moyo wote, muda ambao fundi alitumia kukata uzi na kupiga brashi. Kisha kiatu kikawa tayari, na mama akashindwa kuinama kukivaa. Chiriku akapiga goti, akakipokea kwa fundi, akamvisha, akakaza kamba.

"Ahsante, mwanangu," alisema muuguzi, akiegemea bega lake ili ainuke. "Mungu akupe umri."

Alikwenda zake pembeni mwa barabara, akichechemea kuizoea soli mpya, na kabla hajafika kona honi ililia tena mkobani. Chiriku alimwona akisimama kuitafuta simu.

"Na wewe, dada?" fundi aliuliza. "Kiatu chako kina nini?"

Chiriku akavua kiatu, akakigeuza kumwonyesha kisigino.